Mbogo Anayelima

Kijiji kizima cha Nkoma kilijua kwamba Luhende ana ng'ombe kumi na mmoja. Ndivyo alivyowaambia watu wa kodi, ndivyo alivyomwambia katekista siku ya mchango wa mabati, na ndivyo alivyomwambia Sayi, mwanawe wa kwanza, kila mara kijana huyo alipotaja habari ya kuoa.

"Zizi lile pale," alikuwa akisema. "Nenda ukahesabu mwenyewe. Ukimwona wa kumi na mbili uniite."

Mimi nilijua kwamba ana hamsini na wawili. Arobaini na mmoja walikuwa kwa watu: kumi na saba Lalago kwa rafiki yake Masalu, kumi na wanne Kiloleli, na kumi Mwandoya kwa binamu yake. Kwetu hilo si jambo la ajabu, tunaliita kubilisa. Unampa mwenzako ng'ombe akutunzie, yeye anakunywa maziwa na kupata samadi, wewe unabaki na ng'ombe na ndama wake. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, hauwamalizi wote. Wezi nao vivyo hivyo. Na macho ya watu nayo vivyo hivyo, hasa macho ya watu wa nyumbani mwako.

Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natumwa. Sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nimefanya kazi Mwadui kwenye almasi, Tanga kwenye mkonge, Kilembe kwenye shaba, na kila nilikokwenda nilirudi mikono mitupu lakini nikiijua njia. Kwa hiyo nilipopita Lalago, Masalu alinipa salamu za kumfikishia Luhende. Mmoja amezaa, au mmoja amekufa. Nikifika Nkoma, Luhende alinivuta kando nyuma ya zizi, tukaongea, kisha akamwambia Nyanjige, mke wake mkubwa, anipe chakula. Siku nyingine kuku, siku nyingine ugali na mlenda. Nililala, asubuhi nikaondoka. Miaka kumi na miwili tulifanya hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza neno.

Sasa ikaja soko huria. Ghala la chama cha ushirika likabaki na popo, na chini ya kila mti ukakuta mnunuzi na mzani wake. Serikali ilisema tuko huru, na kweli tulikuwa huru. Wanunuzi walikuwa huru kuchezea mzani, wakulima wakawa huru kutia mchanga na maji kwenye pamba. Miaka miwili tu, pamba ya kwetu iliyokuwa ikisifiwa ikawa kama godoro la mfungwa.

Mwaka wa tisini na sita ikafika kampuni moja ambayo sisi tuliiita Manjano kwa sababu ya rangi ya malori yake. Manjano walitangaza kwamba hawataki fifi, ile pamba chafu ya daraja la chini, wanataka pamba safi tupu, na mkulima atakayewauzia pamba safi nyingi kuliko wenzake wote atapata zawadi ambayo haijawahi kutolewa. Watu wakasema ni trekta. Luhende alipeleka pamba hadi lori likakataa. Kusema kweli pamba ililimwa na Nyanjige na Milembe, mke mdogo, na ni wao waliokaa wiki nzima wakitoa majani makavu kwa vidole. Lakini jina kwenye kitabu lilikuwa la Luhende.

Mwisho wa Septemba nilikuwa nimekaa naye nje ya nyumba pikipiki ilipoingia na msichana wa ofisi ya Manjano, Bariadi mjini, jina lake Nancy, mwenye miwani ya jua na bahasha.

"Shikamoo mzee Luhende."

"Marahaba, mayu. Karibu kiti."

"Hongera, mzee! Umeshinda."

"Nimemshinda nani?"

"Wote! Wilaya nzima. Umeshinda likizo. Siku saba Tailandi, wewe na mwenzako mmoja. Ndege, hoteli, chakula, vyote juu ya kampuni."

Luhende akaniangalia, kisha akamwangalia. "Likizo ni ya walimu," akasema.

"Ni ya mtu yeyote, mzee."

"Huko nakwenda kwa nani?"

"Huendi kwa mtu. Unakwenda hotelini."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mzee wangu. Unakwenda kustarehe tu. Kutembea, kuangalia vitu."

Nilimwelewa Luhende. Kwetu mtu anasafiri kwa sababu amefiwa, anaumwa, anaoa, anatafuta ng'ombe aliyepotea au amefukuzwa. Mimi mwenyewe nimesafiri kwa sababu hizo zote. Lakini kusafiri kwenda kukaa? Kukaa si unakaa hapa?

"Mayu," akasema kwa upole, "mimi nina shida ya plau. Hamuwezi kunipa plau?"

"Plau ilikuwa zawadi ya pili."

"Basi nipeni ya pili."

"Mshindi wa pili ameshaichukua, mzee. Amefurahi sana."

Nancy akatoa kijitabu cha picha kwenye bahasha, akamwekea magotini. Nyanjige na Milembe wakasogea. Hawa wawili hawakuwa na desturi ya kusimama pamoja, lakini picha ni picha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na bahari na wanawake wa Kizungu waliovaa kidogo. Milembe akaufunika kwa kiganja chake. "Endelea mbele, mume wangu," akasema. Ukurasa wa pili ulikuwa na tembo, na Wazungu wamekaa mgongoni.

"Tembo," akasema Luhende. "Wiki iliyopita tembo wametoka pori la Maswa wakala mahindi ya watu watatu hapa. Wazungu wanatoka kwao wanalipa kuja kuangalia tembo wetu, na sisi tunapelekwa kuangalia tembo wa watu wengine. Hivi hakuna mtu wa kuangalia tembo wa kwake?"

Nancy akacheka, akafunua ukurasa wa tatu. Hapo Luhende akakiinamia kijitabu. Palikuwa na shamba la mpunga lililojaa maji, na katika matope mnyama mweusi mwenye pembe kubwa zilizorudi nyuma. Amefungwa nira, nyuma yake plau, na mzee mmoja mwembamba ameshika plau kama anayesukuma baiskeli.

"Huyu ni mbogo," akasema Luhende.

"Ndiyo mzee. Mbogo wa kwao."

"Analima."

"Wanalimia mpunga, ndiyo."

"Mbogo. Analima." Akaipeleka picha karibu na jua. Kaka yake aliuawa na mbogo kwenye pori lile lile la Maswa, akarudishwa nyumbani kwenye gunia. Tangu siku hiyo Luhende hakupita njia ya pori hata kwa mchana. "Ngeleja," akaniambia bila kuinua macho, "hawa watu wamemfanya nini hata akakubali?"

"Sijui. Huko sijafika."

"Nitakwenda," akasema. "Nitakwenda nimwone huyu. Hayo mengine mtaangalia ninyi."

Akaichana picha ile, akaikunja, akaitia kwenye utepe wa kofia yake.

Ndivyo matayarisho yalivyoanza. Shida ya kwanza ilikuwa mtu wa pili. Luhende ana wake wawili, na tiketi ilibaki moja. "Nikimchukua mmoja," akaniambia, "nitarudi na huyo mmoja tu." Kwa hiyo akanichagua mimi, kwa sababu ninajua kusafiri. Mimi sikulala usiku huo. Miaka hamsini ya kutembea, treni, malori, punda, miguu, na ndege sikuwahi kuiona ikiwa chini.

Niliandika orodha. Michembe debe moja, maana viazi vilivyokaushwa haviharibiki na chakula cha watu hukijui. Samli kibuyu kimoja cha kumpa mwenye hoteli, maana huwezi kufika kwa watu mikono mitupu, hata kama hukuitwa. Blanketi. Barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri kwamba sisi si wezi wa ng'ombe, kwa sababu ukienda ugenini bila barua, sungusungu wa huko watakuhesabu kuwa mwizi. Nancy aliposoma orodha alitoka nje akacheka, akarudi amekaza uso. "Barua ya mtendaji ni muhimu," akasema. "Ni ya pasipoti. Hayo mengine tutaona."

Shida ya pili ilikuwa tarehe. "Ni Januari," Nancy alisema. "Januari kule hali ya hewa ni nzuri sana."

"Januari huku ni palizi," akasema Nyanjige. Alikuwa anapepeta mtama, hata hakusimamisha ungo. "Pamba itapaliliwa na nani?"

"Si ninyi mpo," Luhende akamjibu.

"Ee," akasema Nyanjige. "Sisi tupo."

Tukapiga picha za pasipoti mjini Bariadi, mimi na Luhende, kwa koti moja la mpiga picha, kwa zamu. Luhende hakujua tarehe ya kuzaliwa, akaambiwa achague. Akachagua ya Sayi. Karani akamwambia hiyo inamfanya kuwa na miaka ishirini na minne. Akasema hana ubishi.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka Nancy alipokuja na fomu ya bima.

"Hapa unaandika jina la mrithi," akasema.

"Mrithi wa nini?"

"Ni utaratibu tu, mzee. Kama ndege ikipata tatizo, Mungu apishe mbali, kampuni ijue imlipe nani."

"Kwa hiyo zinaanguka."

"Hazianguki."

"Kama hazianguki, fomu ni ya nini?"

Nancy ni binti mwerevu, lakini swali lile lingemshinda hata mkurugenzi wake. Akaacha fomu, akasema majina yote mawili na fomu vifike ofisini Ijumaa, la sivyo nafasi inapotea. Pikipiki ilipopotea, Luhende akanivuta nyuma ya zizi, mahali petu pa siku zote.

"Ngeleja. Ndege ikianguka, na mimi nimo, na wewe umo, wale arobaini na mmoja nani anajua?"

"Wanajua wanaowatunza."

"Hao ndio wasiotakiwa kujua peke yao."

Nikaona maana yake. Masalu ni mtu mzuri, lakini mtu mzuri akiachiwa ng'ombe kumi na saba wasio na mwenyewe anaweza kupata uzuri wa namna nyingine.

"Basi mimi nibaki," nikasema, na lilinitoka kwa shida. "Nenda na mwingine."

"Halafu ianguke, ubaki unajua wewe tu. Wewe ambaye huna hata mlango wa kufunga."

"Luhende, umenijua miaka arobaini."

"Ndiyo maana."

Sikukasirika. Alikuwa amesema kweli. Akavua kofia, akatoa ile picha, akaitazama, akairudisha. Mtu akitaka kumwona mbogo anayelima lazima apande ndege. Akipanda ndege lazima watu wa nyumbani wajue mali iko wapi. Hiyo ni mila, mzee akienda mbali anaita nyumba yake anasema: hiki kiko hapa, kile kiko pale. Na wakijua mali iko wapi, si mali yako tena.

"Jumapili nitawaita," akasema hatimaye. "Nitawaambia kumi na watano. Ukweli ukitolewa wote siku moja unabomoa nyumba."

Jumapili baada ya kanisa tukakaa uani kwa Nyanjige. Luhende kwenye kigoda, mimi shahidi pembeni, Sayi amechuchumaa, Milembe amekaa kwenye mkeka, na Nyanjige anamenya karanga. Luhende akakohoa.

"Nakwenda mbali," akasema. "Safari ni safari. Mtu haondoki bila kusema. Sasa ni hivi. Mbali na hawa mnaowaona zizini, nina ng'ombe wengine kidogo. Wako kumi na watano. Wako Lalago kwa Masalu. Nilikuwa nawatunzia ninyi."

Sayi akainua kichwa. Nyanjige akaendelea na karanga.

"Na Kiloleli?" akauliza.

"Kiloleli kuna nini?"

"Na Mwandoya kwa binamu yako?"

Luhende akanigeukia, na nawaambia kweli, sijatazamwa hivyo hata na polisi wa Kilembe. Nikainua mikono miwili. "Sijasema neno!"

"Hajasema," Nyanjige akasema. "Msimwonee shemeji. Miaka yote hii hajafungua kinywa chake kusema neno. Alikifungua kula tu." Akapuliza maganda ya karanga. "Ngeleja akija, mnakwenda nyuma ya zizi. Mkirudi ukiniambia, mama Sayi chinja kuku, najua mmoja amezaa. Mkirudi ukisema mpe kilichopo, najua mmoja amekufa. Nilianza na wale kumi wa mahari ya dada yako, uliosema wamekufa kwa ndigana. Siku walipokufa wote kumi ulikula ugali wote ukaongeza. Nikajua hawa hawajafa. Kwa hiyo nikaanza kwa kumi. Kuku, naongeza. Mlenda, natoa. Alama ziko kwenye kihenge, kwa mkaa. Sayi, nenda ukaangalie nyuma ya kihenge."

Sayi hakuinuka. Alikuwa anamwangalia baba yake.

"Ni thelathini na tisa," akasema Nyanjige.

"Arobaini na mmoja!" Luhende akafoka.

Aliposikia alichosema, alishika magoti yake kama mtu aliye ndani ya lori lisilo na breki. Mfugaji anaweza kuficha ng'ombe wake wote miaka kumi na miwili, lakini hawezi kuvumilia wahesabiwe pungufu wawili.

"Arobaini na mmoja," Nyanjige akarudia polepole. "Hao wawili wamenipitaje?"

Nikafikiri. Nikakumbuka. "Mwaka wa kideri," nikasema. "Kuku walikufa wote kijijini. Nilikuja mara mbili na habari njema, nikapewa maharage, si kuku wala mlenda."

Milembe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea bega la Nyanjige, na Nyanjige hakulitoa bega lake. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo.

Sayi hakucheka. "Baba," akasema, "uliniambia nikahesabu zizi."

"Ndiyo."

"Nilihesabu. Mara mbili. Nilifikiri labda nimekosea." Akasimama. "Baba yake Felisita anataka mahari ya kumi na wanane."

Luhende akamgeukia Nyanjige kana kwamba mwenye kosa ni yeye. "Kama ulijua, mbona hukusema?"

"Ili iweje? Ungebadilisha mjumbe, mimi nikabaki gizani. Tena ng'ombe aliyefichwa hauzwi kwa pombe. Wala hawezi kutolewa mahari ya mke wa tatu, maana watu watauliza umemtoa wapi. Mimi nilikuwa naomba Mungu uendelee kuwaficha vizuri."

"Na mimi aliniambia tangu mwaka niliozaa wa kwanza," akasema Milembe.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikasema kwa sauti ya utu uzima, "Sasa basi jambo limekwisha. Nyumba yote inajua. Ndege ikianguka hakuna kitakachopotea. Mimi na Luhende tunaweza kwenda."

Luhende akamwangalia Sayi, ambaye alikuwa anahesabu kitu kwa vidole. Akamwangalia Nyanjige na karanga zake. Akamwangalia Milembe.

"Nikikaa huko siku saba," akauliza, "nikirudi nitakuta wangapi?"

Nyanjige akamenya karanga nyingine.

"Siendi," akasema Luhende.

"Na mbogo?" nikamuuliza.

Akavua kofia. Akaikunjua ile picha juu ya goti, akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya nira. Nilimhurumia, na nilijihurumia zaidi mimi. Ijumaa ilikuwa karibu.

"Basi tutakwenda sisi," akasema Nyanjige.

"Ninyi nani?"

"Mimi na Milembe. Nancy alisema watu wawili. Sisi si wawili? Wewe una ng'ombe wa kulinda. Shemeji ana siri zako za kutunza. Sisi hatuna kitu cha kuacha, tulicho nacho kila mtu anakijua. Ndege ikianguka hakuna cha kutafuta."

"Na palizi je?"

Nyanjige akakusanya maganda ya karanga kwenye khanga, akainuka. "Si wewe upo."

Luhende alikaa pale mpaka kivuli kikamfikia. Halafu akamwita mkewe mkubwa, akampa ile picha iliyokunjika. "Mwangalie vizuri," akamwambia. "Uangalie meno. Na hiyo nira inakaa mbele ya nundu au hana nundu. Na uwaulize anakula nini."

Mimi nikawapa orodha yangu. Nilitembea miaka hamsini, na walionipita ni wanawake wawili ambao mbali zaidi walikofika ni mnada wa Bariadi. Nancy naye alifuatana nao, maana kampuni ilitaka picha za kalenda. Pale ofisini alijaribu kuwaambia waache michembe. Aliporudi Nkoma hakuthubutu kuitaja tena.

Januari mvua ilinyesha vizuri, kwa hiyo na magugu yaliota vizuri. Tulipalilia watatu, Luhende, Sayi na mimi, tangu alfajiri. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani walisimama mpakani, wakasalimia.

"Mzee Luhende, mwadila! Kuna nini, mmefiwa?"

"Hatujafiwa."

"Na wake zako?"

"Wako likizo."

"Yesu wangu! Na wewe likizo yako lini?"

Walicheka hadi kisimani, na waliporudi na ndoo kichwani walikuwa bado wanacheka. Luhende hakuinua kichwa. Kumi na wanane walikuwa wamekwisha swagwa kwenda kwa baba yake Felisita, na Sayi alikuwa anapalilia akiimba. Lakini siku ya tatu, Sayi alipokwenda kunoa jembe, Luhende akaninong'oneza kwamba wale waliobaki nimsaidie kuwahamisha. Wa Kiloleli waende kwa mtu mwingine, wa Mwandoya kwa mwingine, majina nisiyataje hata hapa. Ndiyo kazi niliyoifanya wiki ile wakati wenzangu wako angani. Tukapatana pia kwamba kuanzia sasa, ndama azaliwe au afe, mimi nitakula maharage.

Walirudi Jumamosi, na lori la Manjano likawaleta hadi mlangoni. Nyanjige alikuwa amevaa kofia ya majani yenye ncha kama paa la nyumba, na Milembe miwani ya jua kama ya Nancy. Walishuka wanasemezana na kuchekeana kama mabinti wa kisima kimoja. Kijiji kizima kilikuja. Waliulizwa ndege ikoje, wakasema ni baridi na inakuchosha masikio. Waliulizwa bahari ikoje, wakasema ni kubwa lakini ng'ombe hawawezi kuinywa. Mimi nilikuwa na sahani yangu ya maharage pembeni, maana asubuhi ile nilitoka huko nisikokutaja na habari ya ndama jike.

"Shemeji," Nyanjige akasema akinipita, "maharage, na umenawiri hivyo?"

Niliinamia sahani.

Watu walipotawanyika, Luhende akauliza lile alilosubiri siku zote. "Mbogo mlimwona?"

"Tulimwona." Milembe akatoa picha kwenye mkoba. Wako juu ya mgongo wa yule mnyama mweusi, wote wawili, Nyanjige mbele, Milembe amemshika kiuno. Mbogo amevishwa shada la maua na anaangalia pembeni kama mzee anayengoja uji. Mbele yake mzee mmoja ameshika kamba.

Luhende aliishika picha kwa mikono miwili. "Mmempanda," akasema.

"Hana neno," akasema Nyanjige. "Hana nundu, nira inakaa shingoni hapa. Meno sikuyaona yote."

"Analima?"

"Halimi tena. Shamba wanalima kwa kitrekta kidogo cha mkono. Yeye kazi yake ni kupigwa picha na wageni."

Hilo lilimuuma, niliona. Halafu akauliza kama mfugaji, "Yule mzee anayemshika kamba ndiye mwenyewe?"

"Si wake. Anamtunza tu. Pale nje ya hoteli kuna mama anauza ndizi za kukaanga. Tulimpa michembe na ile samli, maana mwenye hoteli hatukumwona hata siku moja. Akafurahi sana, akatueleza kwa Kiingereza chake, Nancy akatafsiri. Mwenye mbogo ni mzee mmoja wa kijiji cha pili. Ana wengine wanne, amewagawa kwa watu huku na huku, na nyumbani kwake anasema hana hata mmoja."

Luhende akacheka. Tangu Oktoba sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka hadi akafuta macho kwa kofia. "Kumbe ni watu!" akasema. "Ngeleja, umesikia? Kumbe nao ni watu!" Kisha akamgeukia Nyanjige. "Na mkewe? Hajui?"

"Mkewe," akasema Nyanjige, "ndiye yule anayeuza ndizi."

Luhende akaacha kucheka. Akaniangalia mimi, akaiangalia sahani yangu.